Jumatatu ya Kitanda cha Kumi na Sita

Chai ya wodi ya wanaume hutolewa saa moja kamili asubuhi. Toroli huanzia kitanda cha kwanza, kando ya mlango, hushuka upande wa kushoto hadi kitanda cha nane chini ya dirisha, huvuka, kisha hupanda upande wa kulia hadi kitanda cha kumi na sita, ambacho nacho kiko kando ya mlango, uso kwa uso na kile cha kwanza. Asubuhi hiyo nesi wa zamu alimimina kikombe cha kwanza siku ya Jumanne. Alipofika kitanda cha tano, mgonjwa wa pale alikuwa anajifunika shuka alale, maana kwake ilikuwa saa mbili usiku wa kuamkia siku hiyo, akaomba awekewe sukari kidogo tu isije ikamnyima usingizi. Alipofika kitanda cha kumi na sita ilikuwa Jumatatu, saa moja kamili asubuhi. Nesi akamimina kikombe cha mwisho, akageuza mkono wa kulia kutazama saa yake ya pili, akaandika kwenye faili: Jumatatu, amekunywa chai, hana homa.

"Huyu jirani wa mbele ananiambia leo ni Jumanne," mzee alisema.

"Kwake ndiyo."

"Na kwangu?"

"Kwako bado, mzee. Kunywa chai isipoe."

Mzee akanywa. Alikuwa fundi cherehani mstaafu, mtu wa maneno mengi na vidole virefu, na hakuona sababu ya kugombana na nesi kwa ajili ya siku moja.

Saa tatu daktari wa upasuaji aliingia wodini. Daktari huyo alikuwa wa kuazima, alikuja Jumanne tu, na siku nyingine alikuwa na hospitali nyingine za kupasua. Katika orodha yake jina la kwanza lilikuwa la mzee huyo. Mshipa mkubwa wa tumboni mwake ulikuwa umevimba kiasi cha ngumi ya mtoto, na daktari mwenyewe ndiye aliyesema, siku mzee alipolazwa, kwamba mwezi usiishe kabla ya kuukata, kwa kuwa ukipasuka wenyewe hakuna mtu atakayeuwahi. Sasa akafungua faili, akaona chai. Mtu aliyekunywa chai hatiwi usingizi, na mtu aliye katika Jumatatu ana haki yote ya kunywa chai ya Jumatatu. Daktari akaandika "hakuwa tayari", akamfuata mgonjwa aliyekuwa na Jumanne yake kamili.

Binti wa mzee alifika saa ya kuona wagonjwa, bado na vumbi la risasi ya kulehemu kwenye kucha. Alikuwa mchoraji wa saketi katika karakana moja ya mjini, na wenzake walimwita Bi Milimita kwa sababu hata ukimwomba uzi wa kushonea kifungo atakuuliza unautaka wa milimita ngapi. Alisikiliza habari ya chai mpaka mwisho. Kisha akatoa mita ndogo kwenye mkoba, akapanda juu ya kiti cha wageni, akafungua kisanduku kilichokuwa ukutani juu ya kichwa cha baba yake.

Visanduku hivyo alikuwa anavijua vizuri, maana yeye ndiye aliyevichora. Kila kitanda kilikuwa na kimoja, na ndani yake bodi moja ya saketi iliyoendesha kengele ya kumwita nesi, taa ya kusomea, na kioo kidogo chenye namba ya kitanda, saa na tarehe. Tarehe ya kioo ndiyo iliyokuwa tarehe ya mgonjwa. Jikoni waliifuata, stoo ya dawa waliifuata, stoo ya damu waliifuata. Bodi zote kumi na sita zilikula kutoka kabati moja lililokuwa kando ya mlango, volti ishirini na nne, umeme mpole wa kwenda upande mmoja, usioweza hata kumshtua paka.

Akapima. Volti kumi na nne. Akavuka hatua nne, akaomba radhi kwa mgonjwa wa kitanda cha kwanza, akapima kwake. Ishirini na nne kasoro punje. Akapiga hesabu nyuma ya kadi ya kliniki ya baba yake: volti kumi zimepotea njiani, na siku moja nzima imepotea njiani, kwa hiyo kila volti ilikuwa imeondoka na saa mbili na dakika ishirini na nne. Akakagua kwa kitanda cha tano na cha nane. Hesabu ilikaa sawa. Hakushangaa. Alichukia, na alichukia zaidi kwa kuwa alijua ni nani wa kumchukia.

Mkuu wa karakana aliitwa Inatosha, ingawa si mbele yake. Ndilo lilikuwa neno lake. Skrubu mbili badala ya nne, inatosha. Rangi mkono mmoja, inatosha. Bi Milimita alimkuta ofisini anakata kucha kwa koleo la kukatia nyaya.

"Mkubwa, waya wangu mnene uko wapi?"

"Waya upi tena, dada?"

"Wa wodi ya wanaume. Kwenye mchoro wangu waya mnene unazunguka wodi nzima na kurudi kabatini, umeme uingie kwa pande zote mbili. Kule nimekuta waya wa kengele ya mlango, mwembamba, umeenda bodi kwa bodi mpaka ya mwisho, ukaachwa hapo unaning'inia."

"Huo ni mchoro toleo A. Kuna toleo B."

"Toleo B nimelichora lini?"

"Ulikuwa kwenye ruhusa, unamhangaikia mzee. Hatukutaka kukusumbua." Akafuta kucha kwenye suruali. "Bodi zinawaka au haziwaki?"

"Zinawaka."

"Basi inatosha."

"Ya mwisho ina volti kumi na nne."

"Kumi na nne ni nyingi. Redio ya gari inatumia kumi na mbili."

"Baba yangu yuko Jumatatu, mkubwa."

"Sote tulikuwa Jumatatu jana," Inatosha alisema, "na hakuna aliyeumia. Halafu zile bodi tumezijaribu, mimi nikiwepo. Kumi na sita kati ya kumi na sita. Cheti kipo."

Hapo Bi Milimita alielewa walichofanya, na damu ikamchemka. Walikuwa wamezijaribu moja moja. Waliwasha ya kwanza, wakapima, wakazima. Wakawasha ya pili, wakapima, wakazima. Ukifungua bomba la nyumba moja mtaa ukiwa umelala, maji yatakuja kwa kishindo, na nyumba ya mwisho itasifu mamlaka ya maji. Asubuhi wakifungua wote kumi na sita, yule wa mwisho ananawa kwa matone. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua hilo. Inatosha naye alilijua, alikuwa fundi mzuri enzi zake, kabla ya kupewa kiti kinachozunguka. Ila kujaribu zote kwa pamoja kungeharibu matokeo.

Waya mnene haukuwa umepotea. Ulikuwa langoni mwa hospitali, umelisha kibao kipya cha kukaribisha wageni, herufi ndefu kama meza zilizowaka hata saa sita mchana: TUNAJALI MUDA WAKO. Mkurugenzi alikuwa amekitaka haraka kabla ya siku ya ufunguzi, na herufi zake zilikuwa sawasawa, ya kwanza mpaka ya mwisho, bila hata moja kufifia. Na kwenye kona ya toleo B, chini ya neno "mchoraji", palikuwa na sahihi ya Bi Milimita. Walikuwa wameipiga mhuri kutoka toleo A.

Alirudi wodini kwanza kutafuta njia fupi. Mgonjwa wa kitanda cha kwanza, dereva wa kijiko cha kuchimbia mitaro, alikuwa mtu mwema, na tangu alazwe alikuwa akimpa mzee habari za kesho: nani ameshinda mpira, mchuzi wa jikoni una chumvi au hauna. Alikubali mara moja kubadilishana kitanda. Mguu wake ulikuwa kwenye plasta, na kwake Jumatatu au Jumanne, mfupa unaunga vilevile. Bi Milimita akajaza fomu ya uhamisho, nesi akatia saini, ikapelekwa kwa mkuu wa wodi. Ikarudi baada ya dakika kumi. Tarehe ya kuondoka na tarehe ya kufika hazilingani. Mgonjwa hawezi kuondoka Jumatatu akafika Jumanne ya hatua nne mbele.

"Tukimbeba tu?" Bi Milimita aliuliza.

"Nimeshambeba mmoja, wa kitanda cha kumi na nne," nesi alisema. "Nilimfikisha mpaka koridoni. Jumatatu aliondoka nayo. Mtu na bodi yake, dada, mpaka mkuu aseme vinginevyo."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na wagonjwa kumi na sita, siku mbili, na mikono miwili ya kuvalia saa.

Jumanne ya pili Bi Milimita alimwambia baba yake afunge mapema. Mzee akaacha kula tangu Jumapili yake usiku, kwa hiyo Jumanne ya daktari ilipofika, naye akiwa katika Jumatatu yake, tumbo lilikuwa tupu. Nesi aliandika: Jumatatu, amekataa chai, hasemi kwa nini. Daktari alimbonyeza kidogo, akakunja uso, akasema tusipoteze muda. Wakamsukuma hadi mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Hapo daktari wa usingizi akafungua faili, akauliza damu iko wapi.

Karani wa stoo ya damu alitazama kompyuta yake. Damu ya kitanda cha kumi na sita, chupa tatu, kundi limelingana, imepangiwa Jumanne.

"Leo ni Jumanne," daktari wa upasuaji alisema.

"Kwenye kitanda chake ni Jumatatu, daktari. Siwezi kutoa damu ya kesho."

Daktari alibishana naye robo saa nzima, na kwa hilo mzee alimheshimu. Mpaka akafika kumwambia karani kwamba mgonjwa yuko hapa, anaonekana, mguse. Karani akatoka, akamgusa mzee begani, akampa pole, akarudi kwenye kompyuta. Ilikuwa bado Jumatatu. Wagonjwa wengine watano walikuwa kwenye foleni. Daktari akaandika "hakuwa tayari", na safari hii kalamu yake ilitoboa karatasi.

Kesho yake, Jumatano ya watu wote, Jumanne ya mzee ikafika. Saa mbili kamili damu ililetwa kwenye sinia, chupa tatu, bila kuchelewa hata dakika. Mzee alikuwa amefunga tena. Alikuwa amevaa gauni la kijani lililofunguka mgongoni. Alilala chali tangu asubuhi mpaka jua likahama dirishani, anaisubiri saa tatu ya daktari aliyekuwa ameshaondoka jana. Jioni damu ikarudishwa stoo na yeye akaletewa wali.

"Safari hii nilipendeza," alimwambia binti yake. "Sema tu hakukuwa na wa kuniona."

Bi Milimita alicheka kwa ajili yake, akaenda kulilia chooni, na baada ya kunawa uso akaanza kupima kwa macho.

Alikuwa ameshaandika barua tatu. Kwa mkurugenzi, kwa mkuu wa wodi, kwa Inatosha kwa nakala. Barua zote zilijibiwa kwa adabu. Mkurugenzi alieleza kwamba mfumo umepita majaribio, cheti kipo, mchoro umetiwa sahihi na mchoraji mwenyewe, na kwamba wagonjwa wa vitanda vya mwisho wanashauriwa kupanga ratiba zao ipasavyo. Ofisi yake ilibandika hata tangazo ukutani kuwashauri hivyo, nalo likapigwa plastiki lisilowe.

Alichopima kwa macho kilikuwa mita tano. Waya wa Inatosha ulizunguka wodi yote, kitanda kwa kitanda, ukafia juu ya kichwa cha baba yake, na hapo ulipofia palikuwa jirani na kabati lilelile ulikotoka. Kuna jambo la kutia hasira katika hilo, na linastahili kusemwa wazi: mzee hakuwa mbali. Angeweza kutema mate yakafika kabatini. Alikuwa wa mwisho kwa sababu mtu aliyekaa kwenye kiti kinachozunguka aliona kuurudisha waya kabatini ni kazi ya ziada. Kama mwisho wa waya ungerudi mwanzoni, umeme ungekuja kwa pande zote mbili, kitanda cha kumi na sita kingekuwa sawa na cha kwanza, na wale wa katikati, chini ya dirisha, wangechelewa saa sita tu. Saa sita bado ni nyingi. Lakini Bi Milimita alikuwa binti wa mtu kabla ya kuwa mchoraji, na alianza na wake.

Jumanne ya tatu aliingia wodini saa kumi na mbili na nusu asubuhi na sare ya kazi, ngazi fupi, na mita tano za waya wa milimita sita begani. Hakuna aliyemsimamisha. Mtu mwenye ngazi hasimamishwi. Akafunga fyuzi mpya kabatini, akapitisha waya juu ya fremu ya mlango, akaukata kwa urefu wake, akaubana juu ya kichwa cha baba yake kwa skrubu nne. Saa moja kasoro dakika tano akawasha.

Taa ya kitanda cha kumi na sita ikang'aa. Kwenye kioo Jumatatu ikaondoka na Jumanne ikakaa mahali pake. Mgonjwa wa kitanda cha tano akaketi, akasema kumbe usiku umeshakwenda. Chini ya dirisha walibaki nyuma, lakini kwa saa sita tu. Mzee alijipapasa tumbo. Jumatatu ilikuwa imempita yote kwa mpigo, na alifika Jumanne na njaa ya usiku mzima, kama inavyotakiwa.

"Leo ni Jumanne," dereva wa kijiko alimwambia kutoka ng'ambo.

"Naona," mzee alijibu. "Karibu tuwe pamoja."

Nesi aliitazama saa ya mkono wa kulia, ikawa inalingana na ya kushoto. Akaivua akaitia mfukoni. Toroli la chai lilipofika alilipitisha moja kwa moja, akaandika: Jumanne, amefunga. Fomu ya ridhaa ikatiwa saini. Stoo ya damu wakapiga simu wenyewe kusema chupa tatu ziko njiani. Kwa saa moja na dakika thelathini na tano kila kitu katika wodi ile kilienda kama kwenye mchoro, na Bi Milimita alikaa kwenye kiti cha wageni na mikono mapajani, anatazama waya wake, moyo mweupe kabisa.

Saa mbili na nusu msimamizi wa majengo alipita akiwa anakagua balbu. Aliuona waya juu ya mlango. Alikuwa mtu makini, haibi, hapokei kitu, na alikuwa na toleo B kwenye ubao wake wa kuandikia. Akatafuta mstari huo kwenye mchoro, hakuuona. Akampigia simu Inatosha, na karakana haikuwa mbali.

"Nani kaweka hii?" Inatosha aliuliza, ingawa anayefunga skrubu nne alikuwa mmoja tu.

"Mimi."

"Haipo kwenye mchoro."

"Ipo kwenye wangu."

"Mchoro ulioidhinishwa ni B, na una sahihi yako." Akashusha sauti. "Dada, nielewe. Mita hizi tano zikikaa hapa, mtu atauliza kwa nini hazikuwepo. Akiuliza hilo, atauliza na mengine. Nina watu ishirini wanaokula kwa karakana ile. Wewe ukiwemo."

"Nipe mpaka saa nne tu. Daktari anaingia saa tatu. Saa nne nitautoa kwa mkono wangu."

Msimamizi wa majengo alisema kwamba hana kipengele cha mpaka saa nne.

Bi Milimita akasimama mbele ya waya. Alisema mambo ambayo hakuwahi kumwambia mkubwa wake, kwa sauti iliyofika hadi chini ya dirisha: kwamba ni mwizi wa siku za watu, kwamba anajua anachokifanya, kwamba mwenye kutojua angesamehewa. Inatosha alimsikiliza kwa heshima. Kisha akapanda ngazi ile ile na koleo lake la kukatia kucha, akakata.

Taa ikafifia. Jumatatu ikarudi kitandani. Ilirudi na vyake vyote, mpaka chai ya saa moja, na mzee akaisikia ikiingia tumboni, ya moto, yenye sukari. Akaweka kikombe ambacho hakukumbuka kukishika. Kabati likatiwa kufuli na ufunguo akaondoka nao Inatosha. Saa tatu daktari wa upasuaji alifungua faili, akalitazama, akamtazama binti aliyekuwa amesimama pale na vipande viwili vya waya mkononi. Halafu akaandika, kwa kuwa kuna mahali pa kuandika.

Kesho yake mzee alifunga tena. Binti alimwambia ale, hakuna maana. Mzee akakataa.

"Jumanne yangu ni leo," alisema. "Mimi nimeamka, nimeoga, nimefunga. Wakikosekana wao, waandike wao hawakuwa tayari."

Damu ikaja saa mbili kamili, chupa tatu. Saa tano kasorobo mzee alishika tumbo, akasema "ehe", kama mtu aliyepata sindano iliyokuwa imemdondoka. Nesi alikimbia. Daktari wa zamu alikuja, kijana mzuri, akatundika damu chupa ya kwanza, akatundika ya pili. Damu iliingia kwa mkono ikamwagikia ndani. Alijua cha kufanya na hakujua kukifanya, na aliyejua alikuwa na hospitali nyingine siku hiyo. Mzee aliushika mkono wa binti yake, akauchunguza ulivyochubuliwa na koleo na nyaya, akasema kazi ile ya waya wangempa binti huyu aifunge. Chupa ya tatu haikuhitajika.

Ofisi ya vyeti iko ghorofa ya chini, dirisha la pili. Karani alikuwa na madaftari mawili mbele yake.

"Amefariki lini?"

"Leo. Saa tano kasorobo."

"Leo Jumatano?" Akafungua faili. "Hapa wameandika Jumanne."

"Basi andika Jumanne."

"Daftari la Jumanne limefungwa jana, dada. Mkurugenzi ameshatia saini. Vifo, sifuri."

"Andika Jumatano."

"Hakufa Jumatano. Faili lake ndilo linasema."

Karani hakuwa mkatili. Alieleza kwamba hii si mara ya kwanza. Tangu visanduku vifungwe, wote waliofia vitanda vya mwisho walikwama hapahapa kati ya madaftari mawili, na kwa hiyo kwenye ripoti hakuna aliyefia kule. Mkurugenzi aliiona ripoti, akafurahi sana. Visanduku kumi na sita zaidi vimeshaagizwa kwa ajili ya wodi ya wazazi, mchoro uleule, toleo B. Bi Milimita alimuuliza mtoto atakayezaliwa mwisho wa waya ataandikwa siku gani. Karani akafikiri, akasema hilo litatazamwa litakapofika.

Akampa cheti chenye jina, umri, kazi, na mhuri. Sehemu ya tarehe ilikuwa wazi.

"Utajaza mwenyewe nyumbani," alisema kwa upole. "Ile uliyozoea."

Saa tisa alasiri Bi Milimita alipanda wodini kuchukua vitu vya baba yake: miwani, ndala, futi ya kupimia nguo ambayo hakukubali kulazwa bila hiyo. Kitanda cha kumi na sita kilikuwa kimeshatandikwa, na juu yake alikaa mwanamume wa makamo aliyejishika ubavu. Mkewe alikuwa anapanga vikombe kwenye kabati dogo. Alimwona Bi Milimita anatazama kioo ukutani.

"Samahani, dada. Leo ni lini hapa?"

"Nje ni Jumatano. Hapa ni Jumanne."

Mwanamke akaitika kwa kichwa, kama mtu aliyeonyeshwa choo kilipo. "Wametupangia upasuaji Jumanne ijayo."

Bi Milimita alikuwa amebeba ndala kwapani. Alikuwa na safari ya kutafuta jeneza, na shangazi zake walikuwa wanasubiri kwenye benchi nje. Akaziweka ndala chini.

"Una kalamu?"

Mwanamke akatoa kalamu na bahasha ya picha za mionzi.

"Afunge tangu Jumapili yake usiku, asingoje Jumatatu. Chai ikija Jumatatu asubuhi, aikatae, na nesi aandike kwamba ameikataa. Fomu ya ridhaa muisaini mara mbili, moja kwa tarehe ya nje na moja kwa tarehe ya hapa. Fomu ya kuhama kitanda msihangaike nayo."

Mwanamke aliandika yote, kwa herufi kubwa, nyuma ya bahasha. Mumewe alinyoosha shingo kusoma.

"Na damu?" aliuliza mwanamke. "Wamesema atahitaji damu."

"Damu hawatampa."

Akaliandika na hilo.